Mkunga wa Zamu Aalikwa Kuzungumza

Barua ya mwaliko ilifika Jumatatu, saa nne asubuhi, nikiwa mezani nachora ramani ya shamba la ndugu wawili wasiosemezana. Dada aliingia ameinyoosha simu mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni.

"Soma," akasema. "Halafu usicheke."

Nikasoma. Barua ilitoka kwa taasisi ya afya ya uzazi ya nje ya nchi, ambayo jina lake nilikuwa nimewahi kulisikia redioni. Taasisi hiyo iliandaa kongamano la siku tatu kwa njia ya mtandao, na ilimwomba azungumze kwa dakika ishirini, Alhamisi saa kumi na mbili jioni, juu ya namna ya kuwafikia wajawazito kwa simu. Walimwita kwa jina analotumia mtandaoni, Mkunga wa Zamu, na wakasema wameifuatilia kazi yake kwa muda mrefu na kwa heshima kubwa.

"Kwa nini nicheke?" nikamuuliza.

"Kwa sababu mimi mwenyewe nimecheka. Mimi na kongamano wapi na wapi?"

Dada yangu alikuwa mkunga wa wodi ya kujifungulia kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuolewa, watu wakimuuliza husema aliolewa na zamu, na mume huyo alikuwa na wivu. Alipostaafu alikaa nyumbani wiki mbili, akafua mapazia yote, akayafua tena yakiwa safi, kisha akafungua ukurasa mtandaoni. Humo aliandika mambo mafupi yanayoeleweka: miguu ikivimba ufanye nini, mtoto akiacha kucheza tumboni usubiri saa ngapi kabla ya kwenda hospitali. Hakuwahi kurekodi video wala sauti, kwa kuwa alisema meno yake ya mbele yamestaafu kabla yake. Palikuwa na maandishi tu na picha moja ya zamani akiwa na sare. Kufikia wiki ile wafuasi wake walikuwa elfu sitini na moja.

Mimi ni mdogo wake wa mwisho, mpima ardhi. Tunaishi nyumba moja tangu mke wangu afariki.

Aliniletea barua ili niikague, nami niliikagua. Niliitafuta taasisi mtandaoni: ipo. Nikalitafuta kongamano: lipo, kwa tarehe zilezile. Nikamtafuta profesa aliyetia sahihi: yupo, mwanamke mwenye miwani minene. Anwani ya barua pepe ilikuwa na jina la taasisi, ila mwishoni palikuwa na neno moja la ziada ambalo halikuwamo kwenye anwani za tovuti yao. Niliona lile neno la ziada, nikadhani ni la kongamano. Kisha nikapiga namba iliyoandikwa chini ya barua. Mwanamke akapokea, akataja jina la taasisi kabla sijauliza, akasema kwa Kiswahili safi kwamba yeye ni wa kitengo cha lugha, na kwamba naam, Mkunga wa Zamu yumo katika ratiba ya Alhamisi.

"Ni kweli," nikamwambia Dada.

Katika kazi yangu, bikoni, yaani jiwe la alama ya mpaka, haithibitishwi kwa bikoni hiyohiyo. Mwenye shamba akikuonyesha jiwe na kusema mpaka ni hapa, huliulizi jiwe. Unakwenda kwenye alama nyingine, ambayo yeye hakukuonyesha, na kupima kutoka huko. Niliwahi kukataa kutia sahihi ramani ya mwenzangu kwa kosa la namna hiyo, na hatujasalimiana vizuri tangu siku ile. Na bado, Jumatatu ile, niliiuliza barua kama barua ni ya kweli, nayo ikanijibu ndiyo.

Nilikuwa na kipimo kimoja zaidi kilichonidanganya. Nilijua matapeli huomba fedha. Hawa hawakuomba hata senti. Walisema kushiriki ni bure na kwamba msemaji atapewa cheti.

"Hawajaniuliza nitasema nini," Dada akasema siku iliyofuata, akiandika hotuba yake kwenye daftari la mistari.

"Wanakuamini."

"Daktari mkuu tulifanya naye kazi miaka kumi na minane, na hakuniamini kiasi hicho."

Tukacheka wote wawili. Jambo hilo ninaliandika kama lilivyokuwa: Dada aliligusa tatizo kwa kidole, nami nikauondoa mkono wake.

Hapa inafaa nimtaje Mama Pacha. Kila siku wanawake kati ya ishirini na arobaini walimwandikia Dada kupitia sanduku la ujumbe la ukurasa wake. Hakuwauliza majina. Wodini alizoea kusema jina litakuja baadaye, mtoto hasubiri fomu ijazwe. Isitoshe, wengi wao simu zao zilisomwa na waume au mama wakwe, kwa hiyo alipendekeza kila mmoja ajiite apendavyo. Mama Pacha alijiita hivyo kwa kuwa alikuwa na mimba ya mapacha, wiki ya thelathini, na presha yake ilikuwa juu. Hospitali walimpa vidonge vya kumeza mara tatu kwa siku. Vidonge vilimuumiza kichwa, na kila wiki alitaka kuviacha. Kila wiki Dada alimshikilia.

"Huyu ananichosha," Dada aliniambia mara moja, akimjibu. "Ameandika: 'Mkunga, leo sijisikii mgonjwa, kwa nini nimeze dawa?' Namwambia, mwanangu, hujisikii mgonjwa kwa sababu umemeza dawa."

Kila Jumatatu Mama Pacha alituma kipimo. Jumatatu ile ilikuwa mia moja arobaini na sita kwa tisini na mbili. Dada aliziandika namba hizo kwenye daftari. Jina, namba ya simu wala mtaa wa huyo mwanamke havikuwa mahali popote isipokuwa, pengine, ndani ya jumbe za ukurasa.

Alhamisi saa kumi jioni, saa mbili kabla ya kikao, mwanamke wa kitengo cha lugha alipiga simu ya video bila sura yake kuonekana. Alisema kamera yake imeharibika. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mitambo ya msemaji iko sawa, ili hotuba irushwe moja kwa moja kwenye ukurasa wake na wafuasi wake waione.

Dada alikuwa sebuleni, amevaa gauni la buluu alilolipiga pasi mara mbili. Mimi nilikuwa barazani nasafisha miguu ya kifaa changu cha kupimia. Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia kila kitu.

Katika wodi, daktari akitoa agizo kwa simu, mkunga halitekelezi mpaka amelirudia kwa sauti, neno kwa neno. Daktari anasema ndiyo, ndipo mkono unasogea. Ni utaratibu mzuri. Umezuia vifo, kwa sababu mtu aliyechoka husikia kumi pale palipotajwa moja. Dada aliufuata miaka thelathini na mmoja, na aliufuata jioni ile.

"Bonyeza kitufe cha kuonyesha kioo cha simu yako, ili nikuongoze," sauti ikasema.

"Nabonyeza kitufe cha kuonyesha kioo cha simu yangu," akasema Dada. "Nimebonyeza."

"Vizuri sana, Mkunga. Nenda kwenye mipangilio ya ukurasa."

"Nakwenda kwenye mipangilio ya ukurasa. Nipo."

"Palipoandikwa wasimamizi, tumwongeze mwenyekiti wa kikao. Ndiye atakayeurusha."

"Namwongeza mwenyekiti wa kikao kwenye wasimamizi."

"Ruhusa zote."

"Ruhusa zote. Nimeweka."

"Sasa utaletewa tarakimu sita kwa ujumbe. Nisomee."

Akamsomea, moja moja, kama anavyosoma mapigo ya moyo wa mtoto. Nami huko barazani, kitambaa mkononi, niliwaza: mwangalie dada yangu, hata mtandao anauendesha kama wodi. Nilijivuna. Ilinichukua siku nzima kuelewa nilichokisikia. Kulirudia agizo kunathibitisha kwamba sikio la anayepokea ni zima. Hakusemi lolote kuhusu mdomo unaotoa.

Saa kumi na dakika arobaini simu ilikatika. Dada alidhani ni mtandao. Alikaa kwenye kiti, mgongo wima, daftari magotini, hadi saa kumi na mbili na robo. Kiungo cha kikao hakikufunguka. Alipojaribu kuingia kwenye ukurasa wake, yakatokea maneno kwamba hana ruhusa ya kuona maudhui hayo.

Nikapiga namba iliyokuwa kwenye barua. Haikupatikana. Ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya Jumatatu: nikaiacha barua, nikaingia kwenye tovuti ya taasisi, nikachukua namba yao ya ofisi kutoka huko, nikapiga. Mwanamume mmoja alipokea, akasikiliza, akashusha pumzi.

"Wasemaji wetu walichaguliwa miezi minne iliyopita," akasema. "Pole sana. Wewe ni wa tisa kutupigia wiki hii."

"Na wale wanane walifanyaje?"

"Hilo sijui, bwana. Mimi ni wa mapokezi."

Ijumaa saa mbili asubuhi ukurasa uliamka. Niliuona kwa simu yangu, kwa kuwa ya Dada ilikuwa imefungiwa nje. Palikuwa na picha yake ileile ya sare, na chini yake tangazo lililoandikwa kwa namna yake kabisa, sentensi fupi, "wanangu" mwanzoni na "mnywe maji" mwishoni. Bila shaka walikuwa wamesoma maandishi yake ya miaka mitano. Mkunga wa Zamu aliwatangazia wanawe matone ya mitishamba yanayoshusha presha ya mimba. Aliwaambia wakianza matone waache vidonge, kwani dawa mbili tumboni hupigana. Aliwaambia pia wasipime presha siku kumi za mwanzo, maana hupanda kidogo sumu inapotoka. Namba ya kuagizia ilikuwa chini.

Dada alilisoma akichungulia juu ya bega langu. Aliirudia sentensi ya vidonge mara mbili.

"Toa simu. Waandikie hapo chini kwamba ni uongo. Waandikie sasa hivi."

Nikaandika. Maoni yangu yalidumu dakika tatu, yakafutwa, nami nikafungiwa. Nikaenda kwa fundi cherehani wa nyumba ya jirani, akaandika kwa simu yake; dakika tano. Binti yake akaandika, dakika mbili. Kufikia mchana mtaa wetu mzima ulikuwa umefungiwa nje, na matangazo yalikuwa yanaendelea.

Tuliwaandikia wenye mtandao. Mashine ikatujibu kwamba imepokea, na ikataka kitambulisho chenye jina linalofanana na la ukurasa. Hakuna nchi iliyowahi kutoa kitambulisho kwa mtu anayeitwa Mkunga wa Zamu. Tukatuma kitambulisho chake halisi pamoja na barua ya kustaafu. Mashine ikajibu kwamba majina hayalingani.

Tukaenda polisi. Askari wa zamu alikuwa mpole, na alifungua ukurasa mpya kabisa wa daftari.

"Kimeibwa nini, mama?"

"Ukurasa wangu wa mtandaoni."

"Una thamani gani?"

"Una watu elfu sitini na moja."

Akaweka kalamu chini. "Watu wameibwa?"

"Ndiyo," akasema Dada.

Askari akanitazama mimi, kama anayeomba mtu mzima wa pili aingilie. Nikamweleza kwa mpangilio, tarehe na saa. Akaandika yote, akatupa namba ya kesi, akasema wataalamu wa mambo hayo wako makao makuu na wana foleni. Hakutudanganya. Alipoulizwa foleni ni ndefu kiasi gani, alisema miezi.

Jumamosi, saa tano, binti wa fundi cherehani alikuja mbio na simu ya rafiki yake ambayo ilikuwa bado haijafungiwa. Chini ya tangazo la matone palikuwa na maoni mapya. Mama Pacha alikuwa ameandika: "Mkunga, dawa nimeipata leo. Vidonge nimeviweka kando kama ulivyoelekeza. Afadhali, vilikuwa vinaniumiza kichwa. Asante mama yangu." Ukurasa ulikuwa umemjibu kwa alama ya moyo.

Dada aliketi. Nilimuuliza jambo ambalo ningemuuliza daktari yeyote.

"Ana muda gani?"

"Mapacha, wiki ya thelathini na moja, presha ile? Anaweza kukaa siku mbili. Anaweza kukaa kumi. Presha haipigi hodi. Kichwa kitamuuma, macho yataona vimulimuli, halafu kifafa cha mimba. Na kichwa kikimuuma atadhani ni sumu inatoka. Wamemwambia."

"Mwandikie."

"Kwa njia gani?"

Tulitumia simu ya yule rafiki kumtumia Mama Pacha ujumbe wa moja kwa moja. Hakujibu. Baada ya saa moja tulijua sababu. Ukurasa ulitoa tangazo jipya: "Wanangu, jihadharini. Kuna matapeli wanajifanya mimi, wanadai ukurasa huu umeibwa. Wanawaonea wivu nyinyi kupata dawa. Atakayewapigia au kuwatumia ujumbe akijiita Mkunga, msimsikilize, mkateni, mfungieni. Mimi nipo hapa hapa."

Onyo hilo lilikuwa sahihi kwa kila kipengele. Ningeweza kuliandika mimi. Lilikuwa tu limetangulia kusemwa na mwizi.

Tulibaki na kumbukumbu. Dada alikumbuka kwamba Mama Pacha aliwahi kulalamika kuhusu mashine ya presha ya kliniki yake ya hapa mjini: mkanda wake ulikatika, wakaufunga kwa bandeji, na kila akipimwa alihisi kama amevunjika mkono. Alikumbuka pia kwamba siku ya wenye presha hapo ilikuwa Jumanne. Jumapili kliniki zilikuwa zimefungwa. Jumatatu asubuhi nilizipigia simu moja baada ya nyingine. Katika kliniki ya nne, nesi aliyepokea alicheka.

"Mashine ya bandeji? Hiyo ni yetu. Nani ametusengenya?"

Nikampa Dada simu, wakaongea kama watu wa kazi moja. Nesi alitaka jina la mgonjwa. Hatukuwa nalo. Akasema wajawazito wenye presha katika rejista yake ni kumi na tisa, wenye mapacha kati yao ni wawili, na kwamba hatoi habari za mgonjwa kwa simu kwa mtu asiyemjua. Dada alimwambia yuko sahihi. Tukakubaliana kukutana naye Jumanne.

Kliniki ilikuwa na ukumbi mmoja mrefu, kuta za kijani hadi usawa wa kiuno, na mabenchi mawili yaliyotazamana. Saa mbili na nusu wanawake walikuwa kumi na watatu. Dada alisimama katikati, na kwa sauti ya wodini akasema yeye ndiye Mkunga wa Zamu, kwamba ukurasa wake umeibwa, na kwamba yeyote aliyeacha vidonge avirudie leo hii.

Kisha mwanamke mmoja mwenye kitenge cha manjano akamgusa mwenzake.

"Si nilikwambia watakuja?"

"Bibi, huna haya?" akasema mwingine. "Umri huo, utapeli!"

"Hebu mwacheni, wanangu, nisikilizeni—"

"Msikie! Hata 'wanangu' ameiga!"

Wakacheka. Yule wa kitenge cha manjano akatoa simu, akaikuza ile picha ya sare, akainyanyua kando ya uso wa Dada kama fundi anayelinganisha rangi.

"Mkunga ni mnene. Huyu shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa."

Picha ilikuwa ya miaka kumi na miwili iliyopita, na Dada alikuwa hajala sawasawa tangu Alhamisi. Nilisema hivyo. Nilitaja tarehe, nikaonyesha namba ya kesi ya polisi. Mwanamke mmoja, mpole kuliko wengine, aliniambia, "Baba, karatasi siku hizi kila mtu anachapa." Nami karatasi ndiyo iliyonifikisha pale.

Nesi akatoka akawanyamazisha. Alipima presha za wote kwa mashine ya bandeji, na wanne waliokuwa wameanza matone aliwakemea hadi wakaahidi kurudia vidonge. Hilo lilifanyika, na nalihesabu. Lakini mwenye mapacha aliyepaswa kuwapo siku hiyo hakufika. Wa pili alikuwa amekwisha kujifungua wiki iliyopita. Kwa hiyo Mama Pacha alikuwa huyo ambaye hakufika.

Nesi alipiga namba iliyokuwa kwenye rejista, akaweka sauti wazi juu ya meza. Ikapokewa.

"Mwanangu, leo ni siku yako," nesi akasema. "Mbona hujafika?"

"Nesi, shikamoo. Nitakuja wiki ijayo. Niko na dawa nyingine, natakiwa nisipime kwanza."

"Hiyo dawa ni ya uongo. Ninaye hapa Mkunga wa Zamu mwenyewe. Ongea naye."

Dada akainama juu ya simu.

"Mama Pacha. Ni mimi. Jumatatu ya wiki iliyopita uliniandikia mia moja arobaini na sita kwa tisini na mbili. Uliniambia pacha wa upande wa kulia ndiye mkorofi, anakupiga mbavuni ukilala. Uliniambia mama mkwe anaisoma simu yako. Nani mwingine anajua hayo?"

Nilidhani tumempata.

"Hayo yote niliyaandika kwenye ukurasa," mwanamke akasema polepole. Sauti yake ilikuwa ya kijana, na haikuwa na ukali. "Kama ukurasa umeibwa, basi mwizi ameyasoma. Kama haukuibwa, Mkunga yuko huko, na wewe umeyapata wapi? Kwa vyovyote, hayo siyo ushahidi, mama."

Ilikuwa hoja timamu. Nimeirudia mara nyingi na sijaipata kasoro.

"Usiniamini, basi," Dada akasema haraka. "Sawa kabisa, usiniamini. Nenda hospitali yoyote unayoitaka wewe, kwa nesi yeyote usiyemjua, upimwe. Iamini mashine."

"Mkunga amesema tusipime siku kumi."

"Mwanangu, mkojo umepungua? Uso umevimba? Kichwa—"

"Kinauma. Amesema kitauma." Kisha, kwa upole: "Nesi, samahani. Sikujua kama na wewe umo pamoja nao." Na simu ikakatika.

Nesi akapiga tena. Haikuita. Akapiga kwa simu ya mfamasia. Iliita mara moja ikakatwa, kisha nayo ikafungiwa. Akaandika kwa mkono anwani iliyokuwa kwenye rejista, akamtuma mhudumu wa afya wa mtaa kwa pikipiki, mwanamke hodari anayewajua wapangaji wote wa upande ule. Alirudi saa nane mchana.

"Nyumba nimeikuta," akasema, akivua kofia. "Chumba kina kufuli. Jirani anasema mwenye chumba alipokea simu asubuhi, akafunga mizigo, akapanda gari kwenda kwa mama yake kujifungulia. Alisema hapa mjini matapeli wamejua namba yake."

"Kwao ni wapi?" Dada akauliza.

"Jirani hajui. Mume yuko safarini na lori la mizigo, simu haipatikani. Mwenye nyumba anajua ni upande wa milimani."

Upande wa milimani una wilaya tatu. Nesi alizipigia hospitali zote za wilaya hizo, akaacha maelezo: mapacha, wiki ya thelathini na moja, presha, ameacha dawa. Wote walisema wameandika. Dada alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, mikono magotini, viganja juu.

Ukurasa ulifungwa na wenye mtandao siku ya kumi na tisa, baada ya watu wengi kulalamika kwamba matone hayakufika kabisa. Walioyapata hawakuwa wamelalamika. Ulifungwa pamoja na jumbe zote. Niliomba nakala kwa barua nne, na nina majibu manne yanayofanana.

Hospitali za milimani nazipigia kila mwezi. Mapacha walizaliwa huko, wengi tu, kama wanavyozaliwa kila mahali. Mmoja wa madaktari aliniambia mwezi ule walimpokea mwanamke aliyefika na kifafa, asiye na kadi. Aliniambia pia kwamba mwanamke mwingine alijifungua mapacha salama, naye hakuwa na kadi. Hakuna kipimo ninachokijua kinachoweza kuniambia yupi kati yao alikuwa nani, au kama yeyote kati yao alikuwa yeye.

Dada huenda kliniki ile kila Jumanne. Nesi amempa kazi ya kujitolea, kufunga mkanda wa mashine. Miezi miwili ya kwanza alilikagua kila tumbo lililopita mlangoni. Sasa matumbo hayatazami tena, kwa sababu kwa hesabu yake siku zimeshapita. Hugeuza kiti chake kuelekea foleni ya pili, ya kupima watoto uzito, na kila mwanamke anapoingia na mtoto mgongoni, humtazama kwanza mikononi, kuona kama amebeba mwingine.